Kutu kwenye grinda: jua maji yanatoka wapi kabla ya kushika msasa

Fundi akikuta kutu kwenye meza ya grinda asubuhi, mkono huenda kwenye msasa, kisha kwenye mkebe wa oili. Kufikia mchana meza inang'aa. Kesho kutwa kutu iko palepale, umbo lilelile, na lawama anabebeshwa aliyeuza oili. Swali la kwanza lingekuwa jingine: haya maji yametoka wapi? Kutu huacha alama, na alama zina umbo. Iko ya vidoadoa, iko ya mstari, iko ya kiganja, iko ya mstatili wa kazi iliyolala juu ya meza. Ukizisoma kabla hujazifuta utajua kama mwenye makosa ni paa, sakafu, kulanti (maji ya kupozea yaliyochanganywa na mafuta), jasho au asidi ya jirani. Dawa ya tatizo moja haitibu jingine. Kwa hiyo kabla ya msasa, toa simu upige picha.

Ninazozungumzia hapa ni grinda za kawaida za karakana zetu: ya benchi yenye mawe mawili, ya mkono, na zile kubwa zenye meza ya sumaku au za kusaga krankishafti, ambazo hufanya kazi huku zikimwagiwa maji ya kupozea. Hizo kubwa ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu sehemu zake nyingi ni chuma kitupu kisichopakwa rangi, na thamani yake yote iko kwenye unyoofu wa hizo sehemu tupu.

Chuma hushika kutu kikipata maji na oksijeni kwa pamoja. Oksijeni huna la kuifanya, maji unayaweza. Wala maji hayo si lazima uyaone. Hewa yenye unyevu wa asilimia 60 kwenda juu inatosha kuweka utando mwembamba juu ya chuma na kazi ikaanza. Kukiwa na vumbi au chumvi juu yake, inaanza hata mapema kuliko hapo.

Halafu kuna hili la chumvi ya ziwa. Kisumu utasikia fundi akiapa kwamba mashine yake inaliwa na chumvi inayokuja na upepo. Ziwa Victoria ni maji baridi. Upepo wake wa mchana unaleta unyevu, na unyevu pekee unatosha, lakini si chumvi kama ya Mombasa. Ukikuta dalili za chumvi kwenye karakana ya Kisumu, itafute ndani ya karakana yenyewe: kwenye maji ya kisima, kwenye jasho, au kwenye gunia lililoegemezwa ukutani.

Vidoadoa vya rangi ya chungwa vilivyotapakaa juu ya meza yote

Huu ni umande. Meza na nguzo ya grinda kubwa ni mabonge ya chuma cha kalibu. Usiku yanapoa, na asubuhi yanachelewa kupata joto kuliko hewa inayoyazunguka. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha umande kwenye kitu chochote kilichopoa hadi nyuzi 21. Tofauti ni nyuzi nne tu, na bonge la chuma la kilo mia kadhaa halishindwi kubaki nyuma ya hewa kwa nyuzi nne.

Nakuru na Kisumu zinafika hapo kwa njia tofauti. Nakuru iko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Saa tatu asubuhi jua limeshapasha hewa ya nje, unafungua milango yote miwili ili mwanga uingie, na ile hewa ya vuguvugu inakuja kugusa chuma cha baridi. Kisumu, mita 1,130 hivi, usiku si wa baridi hivyo. Shida yake ni mvua za jioni. Zinanyesha, sakafu inalowa, viatu vinaingiza matope, kisha saa kumi na mbili mnafunga milango na madirisha na kuufungia mvuke wote ndani pamoja na mashine.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Tazama sehemu nyembamba za mashine: vipini vya kuzungushia, vyuma vya kukinga. Kama hizo ni safi ilhali meza na nguzo vimejaa vidoa, ni umande, kwa sababu chuma chembamba hupata joto upesi na hakisubiri kulowa. Pia unaweza kupitisha karatasi ya shashi kwenye meza mara tu unapofungua. Ikirudi imelowa, umemaliza uchunguzi.

Dawa ni kukiweka chuma kiwe na joto kidogo kuliko hewa usiku kucha, au kuizuia hewa mpya isikifikie kwa haraka. Kwa lile la kwanza, balbu ya waya ya wati 40 au 60 ndani ya kabati la chini la mashine inatosha kabisa. Lazima iwe ile ya zamani inayotoa joto. Balbu ya LED itakuangazia kabati tu. Iwekee kikinga cha waya na uiweke mbali na matambara yenye mafuta na lile rundo la unga wa chuma, maana moto wa karakana huanza hivyo. Kwa lile la pili, funika meza kwa kitambaa kizito cha pamba au turubai la kitambaa, ambalo umelinyunyizia oili kidogo upande wa ndani. Karatasi ya plastiki ionekanayo kama kinga nzuri ndiyo mbaya kuliko zote: mvuke unaingia chini yake mchana, usiku unageuka maji, na hayana pa kutokea.

Asubuhi ya baridi usikimbilie kufungua milango yote. Fungua matundu ya juu kwanza, washa mashine ikae inazunguka bila kazi, ipate joto lake.

Na usikaushe karakana kwa jiko la gesi. Kilo 1 ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo 1.5 za maji, yote yakiwa mvuke ndani ya chumba chako. Jiko la makaa halitoi maji mengi hivyo, lakini hewa yake inaua watu waliofunga madirisha.

Alama zimejipanga kwenye mstari

Tazama juu. Bati lisilo na dari hutoka jasho alfajiri, na matone hutiririka kwenye mabonde ya bati mpaka yanapokutana na ubao wa paa, hapo yanadondoka. Bati la kawaida la migongo lina milimita 76 hivi kutoka mgongo hadi mgongo. Pima nafasi kati ya doa na doa kwenye meza yako. Ikikaribia hiyo, acha kuilaumu oili. Dari ndiyo suluhisho la kudumu. La haraka ni turubai lililotandwa kwa mteremko juu ya mashine, ili matone yaangukie sakafuni pembeni. Kusogeza mashine nusu mita hakusaidii, mabonde yako kila mahali.

Kutu imeanzia chini inapanda

Miguu, bolti za msingi, sehemu ya chini ya kabati: hapo msababishaji ni sakafu. Karakana nyingi za upande wa Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, zimejengwa juu ya udongo mweusi unaonata, ambao hushika maji wiki nyingi baada ya mvua kukatika, na saruji iliyomwagwa bila karatasi ya nailoni chini yake huyanyonya hayo maji na kuyapandisha.

Chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kilaze sakafuni, ziba kingo zote nne kwa utepe wa gundi, uache siku nzima hadi kesho yake. Matone yakiwa upande wa chini wa nailoni, maji yanatoka ardhini. Yakiwa upande wa juu, ni umande wa hewa na unarudi kwenye sehemu ya kwanza hapo juu. Jaribio hili halikugharimu kitu na hukuepusha na kuvunja sakafu bila sababu.

Inua mashine, weka mpira mzito au nailoni ngumu chini ya kila mguu. Mbao mbichi usiweke. Zinashika maji na kuyabania chuma. Na mkiosha sakafu kwa ndoo za maji kila jioni, badilisheni mkawa mnafagia.

Kutu yenye umbo la kazi iliyolala

Nyanyua kipande kilicholala kwenye meza ya sumaku tangu Jumamosi. Chini yake kuna mstatili wa kahawia, ukingo wake umekolea hadi kuwa mweusi, na kati yake uji wa kijivu uliokauka nusu, unaokwaruza ukiupitishia kidole. Huo uji ni unga wa chuma, chembe za jiwe na kulanti. Unga wa chuma ukiwa laini kiasi hicho hushika kutu kwa saa chache, kwa sababu karibu chuma chote kimekuwa uso mtupu. Unashika kutu wenyewe kwanza, kisha unaendelea kushikilia maji dhidi ya meza, mahali ambapo kitambaa hakifiki na oksijeni inaingia ukingoni tu. Ndiyo maana ukingo ndio huliwa zaidi.

Hapa hakuna mafuta ya kukuokoa. Kazi isilale mezani. Mwisho wa siku zima kulanti, toa kazi, vuta uji wote kwa kipangusio cha mpira kuelekea kwenye mfereji, futa kwa kitambaa kikavu, ndipo upake oili nyepesi. Unga uliobaki umeshikiliwa na masalio ya sumaku utaondoka ukiiondolea meza sumaku kabisa kabla ya kufuta.

Bomba la hewa ya kompresa liweke mbali. Najua linafurahisha, meza inakuwa safi kwa dakika moja. Lakini linausukuma unga chini ya vifutio vya njia za kutelezea, ambako unageuka msasa unaosaga mashine kila inapokwenda na kurudi. Isitoshe, kompresa ambayo haijatolewa maji kwenye tangi tangu mwezi uliopita inapuliza maji.

Kila kinachoguswa na kulanti kinashika kutu, hata kazi mpya

Kazi imetoka mashineni saa nne, saa nane ina rangi ya chai. Kulanti yako imechoka au ilichanganywa vibaya tangu mwanzo.

Sababu inayoongoza ni kuongeza maji matupu. Tangi limepungua, kijana anachota ndoo bombani anajaza, kesho tena. Mafuta yanaondoka kidogo kidogo na kila kazi na kila kitambaa, maji peke yake ndiyo yanayorudishwa, na baada ya wiki mbili tatu unapozea chuma kwa maji ya bomba. Kwa grinda, mafuta mengi ya kuchanganya na maji huhitaji asilimia 3 hadi 5, yaani lita 1 ya mafuta kwa maji ya lita 20 hadi 30. Chupa yako ndiyo itakayosema hasa. Unapoongeza, ongeza mchanganyiko uliokwisha kupimwa. Na wakati wa kuchanganya, mafuta ndiyo yanayomiminwa kwenye maji huku ukikoroga. Ukimimina maji juu ya mafuta unapata mabonge yasiyoyeyuka.

Sababu ya pili ni chumvi iliyomo kwenye maji yenyewe. Maji yanapokauka kwenye tangi, chumvi haikauki nayo. Kila ndoo ya maji ya kisima inaongeza chumvi juu ya ile ya ndoo ya jana. Maji ya mvua ni bora, na huku kwetu Mungu hajatunyima. Kinga kutoka kwenye paa safi baada ya dakika za kwanza za mvua kupita. Maji laini yanaweza kutoa povu kidogo, lakini povu unaliona na unaweza kulishughulikia.

Sababu ya tatu inajitangaza kwa pua. Ukiwasha mashine Jumatatu na karakana ikanuka mayai viza, bakteria wameitawala kulanti. Huzaliana tangi likiwa limetulia na juu likiwa limefunikwa na utando wa mafuta ya njia za mashine, kwa kuwa hawahitaji hewa. Wanakula viambato vinavyozuia kutu na kuishusha pH, kile kipimo cha uchachu: ikishuka, kulanti inakuwa chachu. Kulanti isiyoharibika hukaa kati ya pH 8.5 na 9.5, ikishuka chini ya hapo, kutu inafuata. Vijikaratasi vya kupima pH havina gharama kubwa, na kwa karakana yenye grinda ya krankishafti sioni sababu ya kutokuwa navyo. Ikishaharibika, imwage mahali panaporuhusiwa, si mtaroni, usugue tangi hadi pembe zake na uanze upya. Kuna wanaotia dawa ya klorini ya kufulia nguo ili kuua harufu. Harufu inakufa kweli, ila umeongeza chumvi ya kloridi kwenye tangi, na kloridi ndiyo rafiki mkubwa wa kutu.

Kuna jaribio ambalo maabara za mafuta hulifanya kwa vipimo rasmi, nawe unaweza kulifanya kwa sahani ya jikoni. Chukua chenga safi, kavu za chuma cha kalibu, zilizochongwa bila mafuta. Zitandaze juu ya karatasi nyeupe ya chujio, ziloweshe kwa kulanti yako, funika, usubiri saa mbili. Kisha mwaga chenga, suuza karatasi. Ikibaki nyeupe, kulanti inalinda. Ikiwa na madoa ya kahawia, tafuta kosa kwenye kipimo, kwenye maji au kwenye pH. Fanya sahani mbili kwa pamoja, moja kulanti ya tangini, nyingine uliyoichanganya sasa hivi kwa maji yaleyale. Zote mbili zikipata madoa, maji yako ndiyo mabaya. Ya tangini pekee ikipata, maji hayana neno.

Alama ya vidole

Inaonekana baada ya siku moja, mistari ya kidole imechorwa kwa kutu kana kwamba ni kitambulisho. Jasho lina chumvi, na jasho la wengine ni kali kuliko la wengine. Kila karakana ina kijana mmoja ambaye kipimo hakikai safi mkononi mwake. Si ushirikina wala si uchafu. Mpe kitambaa chenye oili afute anachokigusa, na kwa vipimo vya usahihi avae glovu za pamba safi.

Kutu imelipuka ghafla kila mahali, hata penye mafuta

Spana ukutani, vipimo ndani ya sanduku, shafti iliyopakwa grisi, vyote kwa wiki moja. Unyevu haufanyi kazi kwa kasi hiyo. Tafuta asidi au chumvi. Betri inayochajiwa pembeni? Chupa ya asidi ya kusafishia vigae au ya kulehemia bati, ambayo mvuke wake hupenya hata kifuniko kikiwa kimekazwa? Jirani anayesafisha vyuma kwa asidi kabla ya kuvitia zinki? Upande wa mashine ulioliwa zaidi mara nyingi ndio unaoelekea kwenye chanzo.

Huku magharibi mwa Kenya kuna chanzo kingine ambacho wageni hawakifikirii. Machi, msimu wa kupanda ukifika, karakana ya nyuma ya nyumba hugeuka stoo ya mbolea. Mbolea ya CAN inavuta maji kutoka hewani na vumbi lake ni chumvi tupu. Gunia lililochanika karibu na grinda kwa wiki mbili litaharibu kile ambacho umande haukukiweza kwa mwaka mzima. Mbolea ilale nyumbani, asidi ilale nje.

Grinda ya benchi: kutu inapokuwa hatari

Kwenye meza kutu inaharibu usahihi. Kwenye grinda ya benchi inaweza kuvunja jiwe, na jiwe likipasuka kwenye mwendo wa mota halichagui pa kwenda.

Dalili ya kwanza ni mtetemo mpya. Chomoa waya wa umeme kwanza. Kumbuka nati ya upande wa kushoto ina thredi za kinyume: hulegea ukiizungusha kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Toa jiwe uangalie zile sahani mbili za chuma zinazolibana. Kutu ikiwa imejenga uvimbe kwenye uso wake, inalibana jiwe kwenye nukta chache tu badala ya mduara mzima, na jiwe hupasuka kuanzia hapo. Zisafishe mpaka zikae bapa. Ziwe na kipenyo sawa, angalau theluthi ya kipenyo cha jiwe, na zile karatasi laini za pembeni mwa jiwe zirudi mahali pake. Usipake mafuta kwenye uso unaoligusa jiwe. Thredi na shafti ndizo za kupakwa, tena kidogo.

Jiwe lenyewe halishiki kutu lakini hunywa maji. Likisimama likiwa limelowa, maji hutuama upande wa chini na upande huo unakuwa mzito. Kwa mashine zenye kulanti, zima kulanti kwanza, acha jiwe lizunguke dakika kadhaa litupe maji, ndipo uzime mota. Jiwe lililotolewa ligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi wa mbao: la udongo lililo zima hulia kama kengele ndogo, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Lililokufa livunje mwenyewe ulitupe, lisije likaokotwa na mwingine.

Diski za grinda ya mkono zina gundi ya resini, nayo hudhoofishwa na unyevu. Diski nzuri huandikwa tarehe kwenye pete ya chuma ya katikati, na ukomo wa kawaida ni miaka mitatu tangu kutengenezwa. Zihifadhi zikiwa zimelala bapa, mahali pakavu, si chini ya benchi.

Kiegemeo cha kazi kikiganda kwa kutu watu huacha kukisogeza, jiwe linalika, pengo linapanuka. Lisizidi milimita 3. Kikiganda hata mara moja tu, kitoe, usafishe bolti zake, upake grisi.

Mota inanguruma, au mwili wa mashine unawasha mkono

Ukihisi umeme hata kidogo, zima na usiguse tena. Unyevu umeingia kwenye nyaya za mota, au skrubu ya waya wa ardhi imeliwa na kutu na haishiki tena. La pili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, maana ile skrubu ndiyo kitu cha mwisho mtu kukumbuka. Fundi wa umeme apime kwa mega ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja kutoka kwenye nyaya; chini ya megaomu 1 mota isiwashwe hadi ikaushwe.

Sauti ya mchanga unaosagwa ni beringi. Beringi iliyoshika kutu haisafishwi, hubadilishwa. Namba yake imeandikwa ubavuni.

Kuiondoa iliyopo

Kutu nyepesi kwenye meza itoe kwa oili na ile sponji ya kijani ya kusugulia sufuria, ukisugua kwa kufuata urefu. Kisha pitisha jiwe bapa la mafuta kwa mkono mwepesi, lifute vinundu. Shimo lililochimbwa na kutu halidhuru usahihi. Kinachodhuru ni kinundu kinachoinua kazi. Kwa hiyo usifuate mashimo kwa diski ya msasa ya grinda ya mkono, kamwe. Utapata meza inayong'aa iliyopinda. Meza ya sumaku iliyoliwa vibaya husagwa na mashine yake yenyewe, ikiwa mahali pake na sumaku ikiwa imewashwa, kwa kukwangua kidogo sana, na hiyo ni hatua ya mwisho.

Vitu vidogo kama nati, sahani na vipini vilale kwenye siki usiku mmoja. Vikitoka, visugue, visuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, kausha papo hapo kwa joto na upake oili. Ukienda kunywa chai kwanza utarudi ukute vimeshageuka rangi. Springi, beringi na vyuma vilivyochomwa vikawa vigumu visiingie kwenye asidi. Hunyonya haidrojeni na kuwa vyepesi kukatika.

Upake nini

Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ndiyo kinga maarufu jua kali, kwa sababu ni ya bure. Siipendi. Imebeba asidi na masizi ya mafuta yaliyoungua, mara nyingi na maji, na kuishika kila siku huhusishwa na saratani ya ngozi. Oili mpya ya injini ya bei ya chini kabisa inaishinda. Kwa njia za kutelezea tumia oili ya mashine yenye namba 68. Grisi isikae hapo. Inakamata unga wa jiwe na kuugeuza msasa.

WD-40 ni nzuri kwa kazi iliyotengenezewa mwaka 1953, yaani kufukuza maji. Inyunyize kwenye chuma kilicholowa, futa, kisha paka oili yenye uzito juu yake. Peke yake ni utando mwembamba, hautavuka msimu wa masika. Meza isiyoguswa na kulanti inapendeza kwa nta ya sakafu, ipakwe, ikauke, ing'arishwe: haishiki vumbi. Vaseline si mzaha, kwa chuma kitupu kisichosogea inalinda miezi.

Mkifunga Desemba kwenda ushago

Toa kulanti yote, kausha tangi. Toa jiwe uliweke kavu. Paka oili nzito kwenye kila chuma kitupu, funika kwa kitambaa, chomoa umeme, na kama balbu ya kabatini itabaki inawaka awepo mtu wa kuiangalia. Januari, kabla ya kuwasha, zungusha shafti kwa mkono usikilize beringi, kaza skrubu ya ardhi, gonga jiwe na ulirudishe. Kisha washa na usimame pembeni, si mbele yake, jiwe lizunguke bila kazi dakika nzima na kikinga kikiwa mahali pake.